Paji la Uso la Mama

Jumanne, tarehe 9 Septemba, saa nne na robo asubuhi, mchoraji alifunua picha ya marehemu mama yangu sebuleni kwangu, nami nikaona kosa kabla hajamaliza kuikunja shuka iliyoifunika. Mama ameketi wima, mikono magotini, na macho yake yanamtazama mtu kana kwamba yanadai jibu. Lakini paji lake la uso ni laini kama la bibi harusi.

Mama alibeba muhogo kutoka Nyantende hadi sokoni Bukavu kwa miaka ishirini na sita, kitunga mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso. Kamba ile ilimchimbia mfereji. Muhogo ule ulimsomesha kaka yangu. Mimi niliingia darasani nikiwa mjane wa miaka thelathini na minne.

"Ile alama uliipeleka wapi?" nilimuuliza mchoraji.

"Maman, nilizania ni karte ndiyo ilikunjika."

Alikuwa amechora kutoka kwenye kadi ya mpiga kura, picha pekee ya mama tuliyokuwa nayo. Mwili wote aliubuni.

"Naweza kuirudisha sasa hivi," akaongeza.

Kaka yangu, aliyekuja kuiona picha, akacheka. "Aache vile. Wajukuu watauliza nani alimupiga koko, bibi yao."

"Tutawaambia alibeba masomo yako."

"Dada, si wewe ulikuwa unamufunga kitambaa? Alikuwa anakuambia nini?"

Kila Jumapili kabla ya misa mama aliketi mbele yangu akisema, "Shusha. Shusha tena," mpaka kitambaa kiguse nyusi. Siku ya kupigwa picha ya kadi walimwamuru akivue. Hakusema neno hadi kesho yake jioni.

Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Kuirudisha alama kulikuwa kumvua kitambaa mara ya pili. Kuiacha ilivyo kulikuwa kusema hakubeba kitu.

"Maman, nifanye nini?"

"Rudisha alama. Ikikauka, uchore kitambaa juu yake, mpaka kwenye nyusi."

"Sasa nani ataiona?"

"Wewe chora."

Alichora alama. Kaka hakucheka tena. Tulisubiri rangi ikauke, na muda wote huo paji la mama lilikuwa wazi, likitazama dirisha la barabarani. Nikaenda nikafunga pazia.