Kovu Nililoliita Kidole Tumbo

Moyo wa mwanangu ulisimama mimba ikiwa na miezi mitano. Daktari akasema dawa ya kuitoa ipo tayari, ila ana maswali kwanza. Mama mkwe alikuwa kaketi ubavuni kwangu, kanishika mkono tangu tulipotoka nyumbani Al Khoudh, huku kwa Waarabu nilikoolewa. Kwetu mgonjwa hajibu daktari akiwa na mkubwa wake chumbani. Mkubwa ndiye msemaji.

Ana pumu? Hana. Damu yake huganda vizuri? Vizuri. Dawa anazotumia? Vidonge vya kuongeza damu tu. Alijibu kwa Kiarabu chake safi, nami nikamshukuru.

"Amewahi kupasuliwa?"

"Kidole tumbo tu, kabla hajaolewa."

Daktari akaandika. Uongo ule ulikuwa wetu, mimi na mama yangu. Kabla ya posa nilitolewa uvimbe kwenye kizazi, Dar es Salaam, na mama akaogopa watu wasije wakasema bibi harusi hazai. Tukasema kidole tumbo. Mume wangu aliliona kovu akaamini, na hospitali ya hapa haikuwa na karatasi yoyote ya kunisuta. Nilikuwa nimepanga kusema mimba ikifika mwezi wa tisa, kabla ya kujifungua. Mjinga mimi! Hata pale, na mtoto kaniponyoka, bado nilikuwa nikipima mkwe wangu ataniona vipi.

"Daktari," nikasema, "si kidole tumbo. Kizazi ndicho kilichopasuliwa."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza taratibu kwamba dawa ile hukibana kizazi kwa nguvu, na kovu likifumuka naweza kumwaga damu mpaka nife. Akamwita bingwa. Wakashauriana, wakapanga dozi ndogo zaidi na kitanda karibu na chumba cha upasuaji, kisha wakatoka.

Sikuthubutu kumtazama mama mkwe. Mkono wangu hakuuachia. Alinifunika miguu kwa abaya yake, akanitengenezea mto.

"Mama yako n'takwenda kumgombeza," akasema, "lakini si leo. Leo nna kazi na wewe." Kisha sauti ikampasuka. "Ungenifia, mwanangu, kwa kunionea haya mimi?"

Ndipo nikalia, kwa mara ya kwanza tangu nilipoambiwa habari ya mtoto.