Uzi Kutoka Njoro

Nicodemo Tluway alijua kuendesha kombaini kabla hajaota ndevu vizuri. Alijifunzia Njoro, Kenya, kwenye mashamba ya ngano, na huko huko akamwoa Chelagat, wakamzaa Natalia. Serikali ya Tanzania ilipofungua mashamba yake makubwa ya ngano Hanang, akarudi kwao peke yake, akaajiriwa karibu na Hirbadaw. Alimwahidi mkewe: nikipewa kota tu, nakuja kuwachukua. Kota akapewa Machi 1977. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umeshafungwa mwezi mzima.

"Nicodemo, mkeo ameolewa na geti la Namanga," Gidamis, mlinzi wa shamba, alimtania. "Hilo geti limetoa ng'ombe wangapi?"

"Cheka tu. Siku atakayokuja utampokea mizigo."

"Nitampokea. Nikiwa bado na meno."

Mwaka ukapita hivyo. Juni 1978, ngano ikianza kugeuka rangi, mama yake Nicodemo akafariki kijijini kwao, Tlawi. Akaenda kuzika, na baada ya kuzika akakaa ndani na ndugu zake, kama desturi ya Wairaqw inavyotaka. Kwa mwezi mzima wafiwa hawaendi kwa watu, hawashikani mikono na jirani, hawapokei kitu wala kutoa. Ng'ombe wao hawanywi maji na ng'ombe wa wengine. Kifo kina miguu, wazee walisema, usikipe njia.

Siku ya nne ya msiba, Hhando akafika Tlawi. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe aliyejua njia za porini za kuvukia Kenya. Alipoona nyumba ya msiba, akasimama mbali. Akiingia pale, nani atamuuzia ng'ombe tena? Akapita kwa jirani, Mama Genoveva.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Nina barua ya Nicodemo, kutoka kwa mke wake. Imeshonewa kwenye kitambaa. Nimeambiwa asichelewe."

"Ana msiba, huoni?"

"Naona. Ndiyo maana naiacha kwako."

Mama Genoveva hakujua kusoma. Aliiweka barua ndani ya chungu cha mbegu za maharage. Kila asubuhi alimwona Nicodemo ng'ambo ya ua wa minyaa, kichwa kimenyolewa, ameegemea mlango.

"Shikamoo mama!" Nicodemo alikuwa akipaza sauti.

"Marahaba, mwanangu! Kaa huko huko!"

Mara mbili alifungua mdomo amwambie. Mara mbili akaufunga. Alimlea huyu kijana pamoja na wanawe, alimjua: akisikia jina la Chelagat ataruka ua, na kifo kitaruka naye kiingie kwenye zizi la watu. Haraka gani inashinda msiba? Barua haiozi.

Mwezi ulipokwisha, wazee wakawatakasa, pombe ikanywewa, Nicodemo akatoka. Mama Genoveva akampa kile kitambaa kwa mikono miwili, akitabasamu. Nicodemo akakichana kwa meno, akasoma amesimama.

Chelagat aliandika kwamba yeye na mtoto watamngojea Namanga, upande wa Kenya, kwa shangazi yake, kuanzia tarehe ishirini Juni hadi mwisho wa mwezi. Hhando atawavusha, ila Nicodemo awepo, maana mtoto atalia njiani na wageni. Asipoonekana, kaka zake Chelagat watajua Nicodemo ameoa mwingine huko kwao. Wameshapokea ng'ombe wa mahari wa mtu mwingine, wamemngoja kiasi cha kutosha.

"Leo tarehe ngapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Padre alisema Jumapili ilikuwa tarehe tisa Julai," akajibu Mama Genoveva. Tabasamu likaanza kumtoka. "Nimekosa, mwanangu?"

Nicodemo alimtazama mwanamke aliyembeba mgongoni utotoni. Ng'ombe wake walikuwa hai, wajukuu wake walikuwa hai.

"Hujakosa, mama. Mtu yeyote wa hapa angefanya hivyo."

Ndani ya barua mlikuwa na uzi wa sufu wenye fundo. *Huu ndio urefu wa Natalia,* Chelagat aliandika, *umnunulie sweta, huko kwenu baridi.*

Mavuno yalikuwa yameanza. Alfajiri yake ya kwanza shambani, kabla ya kuwasha injini, Nicodemo aliunyoosha ule uzi kwenye ngazi ya kombaini, kutoka chini. Ukafika kipandio cha tatu.

Gidamis akaja na kikombe cha chai, mzaha ukiwa tayari mdomoni. Akauona uzi, akaumeza mzaha wake.

"Mtoto amefika hapo?"

"Mwezi uliopita," Nicodemo akasema, akaukunja, akapanda.