Goti Lenye Sauti ya Lifti

Mume wangu ana mguu wenye akili kuliko yangu yote miwili. Ni wa bandia, wa kushoto, kuanzia juu ya goti. Ndani ya goti kuna kompyuta ndogo na mota. Unachajiwa ukutani kama simu, na kila siku unajifunza mwendo wa mwenyewe: hapa anaharakisha, hapa anapanda ngazi, hapa anataka kukaa. Alinunuliwa mguu huo na kampuni aliyokuwa fundi wake wa lifti, kama shukrani, maana wake ulikatika akijaribu kumwokoa mwenzake. Ndivyo tulivyoambiwa sote, na mimi nilitembea kifua mbele.

Siku ya kwanza, baada ya miaka sita ya magongo, alivuka korido ya kliniki bila kushika kitu. Nilipiga makofi mpaka muuguzi akaniomba nitulie. Nyumbani akala, akajiinua kitini, na goti likatoa sauti ndogo, vuuu, likimnyanyua. Akaganda palepale, macho darini.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Inashuka."

"Nini inashuka?"

Akaketi tena.

Ikawa hivyo kila siku. Akiinuka, vuuu, naye anatega sikio. Mdomo wangu hauna breki, nikawa namtania: "Umeoa mguu siku hizi? Mbona unausikiliza kuliko mimi?" Alicheka siku mbili tu. Wiki ya tatu nikaukuta mguu kabatini, umefunikwa shuka, na mwenyewe amerudi kwenye magongo yake ya zamani.

Tukaenda kliniki. Fundi wa miguu akaliunganisha goti na kompyuta yake, akasoma, akatikisa kichwa. "Mguu mzima kabisa, mama. Mota ni mota, lazima iseme kidogo. Wengine hata hawaisikii."

Tulipofika nyumbani hasira zilinipanda. "Kuna watu wanaulilia mguu kama huu, wewe unaufunika shuka kama maiti?"

Neno hilo lilimvunja. Alikaa kitandani, akasema yote, mchana kweupe, madirisha wazi.

Kazi ya lifti ina sheria moja isiyochezewa. Kabla ya kuingia shimoni, inamopita lifti, mnazima umeme, na kila fundi anatia kufuli lake kwenye swichi, ufunguo unakaa mfukoni mwake. Mafundi wawili, makufuli mawili. Mmoja akisahau, lifti haiendi mpaka wa pili naye afungue lake. Siku ile mwenzake alikuwa ameacha kufuli kwenye begi jingine, wakatumia moja tu, la mume wangu. Saa ya chai ikafika. Mwenzake hakuwa mtu wa kuchelewa chai, kwa hiyo mume wangu aliamini ameshatoka. Akafungua kufuli, akarudisha umeme. Ndipo aliposikia nyundo inagonga chini shimoni.

Alikimbia. Akatia mguu ndani ya mlango wa shimo, akanyoosha mkono amvute. Kumbe kuna mtu alishabonyeza kitufe, na lifti ikaja.

Wakubwa wa kampuni walimfuata hospitali wakamuuliza nani alifungua kufuli. Akasema, "Mwenzangu." Marehemu hakuwa na mdomo wa kubisha.

"Kila nikiinuka," akaniambia, "narudisha umeme upya. Na yeye yuko kule chini anagonga."

Nilimchukia. Nasema wazi, kwa saa nzima nilimchukia yeye na mguu wake. Maana mjane wa yule fundi namjua, nilikuwa namtembelea. Kila nikienda ananiambia, "Mzembe yule. Kajiua mwenyewe, kaniacha peke yangu, na kamkatisha shemeji mguu bure. Niombee radhi kwake." Nami nilikuwa naitikia kwa kichwa. Tumeombwa radhi miaka sita!

"Utauvaa," nikamwambia, "na utaenda kumwambia."

"Kampuni wakisikia watauchukua."

"Wauchukue."

Mjane anakaa ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Mguu ulipanda vizuri kupita kiasi, ngazi baada ya ngazi, vuuu, vuuu, na shati la mume wangu likalowa mgongoni. Ghorofa ya pili alishika chuma cha ngazi. "Siwezi," akasema. Nilikuwa nyuma yake makusudi, asipate pa kugeukia. Nikamwambia apande.

Mjane alipofungua mlango alijishika kifua kwa furaha. "Shemeji! Umepanda mwenyewe?" Akamvutia kiti.

Mume wangu hakukaa. "Kufuli lilikuwa langu, shemeji. Niliyefungua ni mimi, naye yuko ndani. Nikamsingizia. Mume wako hakujiua, alikuwa anafanya kazi."

Nilingoja kofi, nilingoja makelele, ningeyaelewa. Mjane alikaa kwenye kile kiti alichomvutia mgeni, akaitazama mikono yake.

"Miaka sita namtukana," akasema.

Akainua uso, akauliza, "Makaburini wanafunga geti saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu," mume wangu akajibu papo hapo, bila kufikiri. Nikamgeukia. Mimi, mkewe, sikuwahi kujua kwamba huwa anakwenda.

Mjane alishasimama, anatafuta viatu. Akavaa kimoja, akasita, cha pili kikiwa mkononi.

"Nipeleke, shemeji," akasema. "Tangu tumzike sijarudi. Sijui alipo."