Mfagiaji wa Kanisa Aliyekataa Kutoa Ufunguo

Jua limeshachomoza mjini Tawa, Kaunti ya Makueni. Kavindu Muthama amepiga magoti katikati ya kanisa tupu, anasugua sakafu kwa brashi. Maji ya sabuni yanakimbilia mlangoni. Wanaopita kuelekea sokoni wanamsalimia kwa sauti, "Mwaitu," yaani mama, naye anawajibu bila kuinua kichwa.

Kavindu ni mjane wa miaka hamsini na sita. Kwa muda mrefu kazi yake imekuwa kufagia kanisa hili, kuchota maji na kufunga milango. Malipo ni madogo, kwa hivyo jioni huuza sukuma wiki na nyanya kando ya barabara. Si shemasi wala mzee wa kanisa. Hajawahi kusimama madhabahuni.

Lakini ukiuliza hapa Tawa ni nani aliyebadilisha kanisa hili, hata mchungaji atakuonyesha yeye.

Mambo yalianza mwaka juzi, asubuhi moja alipokuja kufungua. Alimkuta Kathini, muumini mwenzake, ameketi kwenye ngazi huku ameshikilia mkono wa kushoto. Kifundo kilikuwa kimevimba na mdomo umepasuka.

"Nilimuuliza, umeanguka? Akasema ndiyo," anakumbuka Kavindu. "Nikampikia chai. Alipomaliza kikombe akaniambia, 'Si kuanguka. Ni Ben.'"

Ben si mumewe. Ni mwanawe, kifungua mimba. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akakosa kazi, akaingilia pombe na kutafuna muguka, majani ya kulevya. Kwanza alivunja vyombo. Baadaye akaanza kumsukuma mama yake kila alipokosa kitu cha kuuza nyumbani. Asubuhi hiyo alitaka mbuzi wa mwisho, na Kathini alikataa kumfungua.

"Mke akipigwa na mume, watu angalau wanaelewa," anasema Kathini, ambaye amekubali tuandike habari zake. "Lakini mama apigwe na mtoto aliyemzaa? Unaenda kumwambia nani? Watasema ni wewe ulimlea vibaya."

Kavindu hakumpa mawaidha. Alimpeleka hospitali, kisha wakaenda pamoja kituo cha polisi kuandikisha taarifa. Waliporudi, akamfungulia chumba cha shule ya Jumapili kilicho nyuma ya kanisa, akamtandikia godoro na kumwachia sufuria na makaa. Kwa ruhusa ya Kathini, akaenda kumweleza mchungaji.

Mchungaji Muindi hakupinga. Hata hivyo, Jumapili iliyofuata, wazee wa kanisa walimleta Ben mwenyewe. Alikuwa ameoga, amevaa shati safi, analia. Alipiga magoti na kuomba msamaha. Wazee wakamwombea, halafu wakamwambia Kavindu afungue chumba ili Kathini aende nyumbani na mwanawe siku hiyo hiyo.

Kavindu alikataa.

"Niliwaambia, msamaha ni wake, atautoa akiwa tayari. Lakini huu mlango nitaufungua yeye mwenyewe akisema. Bado hajasema."

Mzee mmoja alimkumbusha kwamba kazi yake ni kufagia. Naye akamjibu kwa upole, "Ndiyo, mzee. Na mimi ndiye ninayefagia damu."

Hakuwa anatia chumvi. Asubuhi ile alipomkuta Kathini, alifuta matone ya damu kwenye ngazi kabla waumini hawajafika kwa maombi.

"Nilikasirika sana," anakiri Mchungaji Muindi. "Niliona ananivunjia heshima mbele ya watu. Nikaenda pale mlangoni mimi mwenyewe nimuulize Kathini. Nilipotaja tu jina la Ben, alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta. Hapo nikaelewa kwamba tulikuwa tunampeleka mtu machinjioni tukiimba."

Siku hiyo Kathini hakwenda popote. Polisi walimwita Ben na kumkataza kukaribia boma la mama yake. Lakini kijana naye alihitaji mahali pa kwenda, na swali hilo mchungaji hakuwaachia polisi.

Katika kanisa dada lililoko Kwa Vonza, Kaunti ya Kitui, kuna fundi wa kuchomelea vyuma anayeitwa Kyule. Mchungaji alimpigia simu. Kyule alikubali kumpokea Ben, kwa sharti kwamba asiguse muguka wala pombe, na asitume ujumbe wowote kwa mama yake hadi mama mwenyewe aulize habari zake.

"Mara mbili alitoroka, nikamfuata sokoni," Kyule anasema, akicheka kidogo. "Mara ya tatu alirudi mwenyewe. Nilimwambia mimi pia nina mama. Hakuna siku nilimficha kwamba alichofanya ni kosa la jela."

Kathini alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, kwa hiari yake, akisindikizwa na akina mama wa kanisa. Ilipita karibu nusu mwaka kabla hajauliza, "Anakula?"

Walikutana mchana, katika ofisi ya mchungaji, mlango ukiwa wazi. Ben alikaa upande wa pili wa meza. Hakupiga magoti safari hii. Alisema moja baada ya jingine alichokuwa amemfanyia, naye Kathini akasikiliza hadi mwisho.

"Nilimwambia nimekusikia. Nikamwambia utaendelea kukaa huko huko Kwa Vonza," Kathini anasimulia. Leo Ben huja kumtembelea baadhi ya Jumapili, hula muthokoi wa mama yake, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na kabla ya giza hurudi kazini.

Tangu wakati huo, chumba cha nyuma kimepokea wanawake wengine, na mara moja baba mzee aliyekuwa akipigwa na wanawe. Hakuna anayeambiwa arudi nyumbani akavumilie. Vijana nao hukutana na Mchungaji Muindi kila Jumatano, na Ben amewahi kuja kuzungumza nao.

Sasa akina mama wa kanisa moja huko Nuu, upande wa Mwingi, wamemwalika Kavindu awaeleze jinsi ya kuanza. Anapanga kwenda mwezi ujao, lakini hatakwenda peke yake.

"Mimi si mtu wa maneno," anasema, akikamua kitambaa. "Nimemwomba Kathini azungumze. Amekubali."

Tulipomuuliza Kathini atawaambia nini wanawake wa Nuu, alitabasamu.

"Nitaanza kwa kuwaambia kwamba siku hizi nalala," alisema. "Nalala hadi kunapambazuka. Hayo mengine watayauliza wenyewe."