Shikamoo ya Juu ya Jiwe

Naikumbuka siku moja, mwanangu, nilipokuwa bado mbichi, kidato cha kwanza. Leo nipo cha tatu, uzee umeshaingia, na kidevuni nina ushahidi wa nywele tatu.

Kwetu Igogo nyumba zimepanda mlima, zimekaa juu ya mawe. Mchana ule ziwa lilikuwa limetulia huko chini, jeupe, kama nalo limeshiba ugali likasinzia. Nilikuwa nimefua sare, maji ya sabuni nikayamwaga palepale kwenye jiwe tunalopitia. Povu likateremka polepole kama wingu lililopotea njia, nami nikalisindikiza kwa macho.

Mama Neema, msoma mita za maji, alikuwa anashuka kutoka nyumba za juu. Huyu mama hakuwahi kuiacha salamu ya mtu bila kuiitikia, na sisi watoto tulikuwa na mchezo wa kumwamkia mfululizo tuone atachoka lini. Nikajificha nyuma ya nyumba yetu, nikabana pua.

"Shikamoo, Mama Neema!"

"Marahaba!" Akageuka huku.

Nikahamia upande wa pili, nikatoa sauti ya babu. "Shikamooo!"

Akageuka kule, na mguu ukakutana na povu. Nilimwona akielea, mwanangu, taratibu, kama mtu anayeota anaruka. Kisha kishindo.

Wasemao kuteleza si kuanguka hawajafika Igogo.

Nikatoka mbio. Kazi ya yule mama ni miguu, nami nimeivunja! Machozi yalimlengalenga, lakini akaanza na deni la adabu: "Marahaba." Kisha akasema, "Si umesema unashika miguu yangu? Haya, njoo uishike."

Nikaushika ule ulioumia. Kifundo kilikuwa kimevimba kama andazi.

"Na mita za huko chini atanisomea nani? Wewe na pua yako?"

Niliushika mpaka majirani walipokuja kumbeba.

Wiki nyingi mlima ulikosa sauti yake. Aliporudi alikuwa anachechemea. Nilinyamaza hadi akakanyaga sakafu yetu, ndipo nikamwamkia.

"Marahaba, fundi povu."

Basi, mwanangu, wazee wenzangu walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Aliye juu ya jiwe mwache atue kwanza, salamu haichachi. Na maji ya sabuni usiyamwage anapopita mwenzako aliye kazini. Mungu akujalie miguu mizima, na siku ukiteleza, akupe wa kuishika kwelikweli.