Dume la Ng'ombe Kwenye Ibada ya Mama

Jamani, kuna aibu ambayo mtu hata ukiisimulia haipungui, na hii yangu nimeibeba mwaka wa pili sasa, kiasi kwamba nikipita karibu na kanisa letu hapa Bariadi natazama chini kama mwizi wa kuku.

Mama yetu alipofariki, dada yangu Kabula hakuwahi mazishi. Ameolewa Mtwara, na siku zile alikuwa ametoka kujifungua kwa upasuaji, madaktari wakamkataza kusafiri. Kwa hiyo tulipopanga ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, sote tulijua ni kwa ajili yake kuliko mtu mwingine, na mimi (mtaalamu wa simu wa ukoo, cheo nilichojipa mwenyewe) nikapewa kazi ya kuandaa picha za mama zionyeshwe kwenye ukumbi wa kanisa. Picha zote nilikuwa nazo mimi. Na nilikuwa na video moja, mama yuko shambani Ipililo, pamba imemjaa mikononi, anamsalimia Kabula kwa Kisukuma, anaibariki mimba yake, halafu anacheka. Kabula aliiomba ile video mara nyingi, nami nikawa namjibu, "Utaiona ukija, dada."

Sasa simu yangu ilikuwa imejaa hadi inakataa kupokea ujumbe. Mathayo, anayeendesha kompyuta na projekta pale kanisani, akaniambia nimrushie picha kwa ile programu ya kutumiana mafaili bila bando. Nilikuwa nayo. Niliipakua miezi ya nyuma, alipokuja mnunuzi wa ng'ombe kutoka Lamadi akataka picha za dume letu akawaonyeshe wenzake, na siku ile programu iliniuliza kama nairuhusu ione picha zangu zote au zile nitakazochagua tu, nami kwa kuwa nilisikia kuna programu zinaiba picha za watu, nikachagua za dume peke yake, nikajiona mjanja kweli kweli. Nikasahau kabisa.

Jumamosi mchana, siku moja kabla ya ibada, nikaenda kwa Mathayo, nikabonyeza "chagua zote", nikatuma, ikaandika zote zimetumwa. (Zilikwenda haraka mno, na mimi badala ya kushtuka nikaisifia kwa mwendo.)

"Tuziangalie kidogo, Masunga, tuzipange," Mathayo akasema.

"Acha bwana, ziache zijionyeshe zenyewe kuanzia ya kwanza. Nimeshazipanga."

Nilikuwa nawahi stendi kumpokea Kabula. Basi lilipoingia nikataka kumpiga picha akishuka, simu ikagoma, haina nafasi, basi nikafungua folda ya mama nikafuta yote, simu ikaniuliza una uhakika, nikakubali, nikaenda hadi kwenye pipa la taka la simu nikalisafisha nalo, maana si zimeshafika kwa Mathayo? Kabula akashuka na mtoto mgongoni. Nikampiga picha. Ilitoka nzuri.

Jumapili ukumbi ukajaa, ndugu wa Ipililo, majirani, kwaya nzima. Mapazia yakafungwa, mchungaji akasema, "Tusimame, tumtazame mama yetu." Tukasimama, kwaya ikaanza kuimba polepole, na pale ukutani, ukubwa wa mlango wa ghala, likatokea dume la ng'ombe.

Dume kwa mbele. Dume kwa ubavu. Kisha ile picha niliyoinama kuipiga, kwa sababu mnunuzi alitaka kuhakikisha kwamba ni dume kamili. Watoto wakapiga kelele, "Ng'ombe! Ng'ombe!" na watu wazima wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Baba, ambaye macho yake yana ukungu siku nyingi, akanishika mkono akauliza kwa sauti, "Ni Minza huyo? Mbona simwoni vizuri?"

Minza ndiye mama.

Nikakimbilia kwenye kompyuta. Mathayo anahangaika na kipanya, jasho linamtoka. "Hakuna nyingine, Masunga. Hiyo programu ilikuwa inaona hizi tu."

Kabula akaja nyuma yangu, mtoto begani. "Si unazo kwenye simu? Nionyeshe hapa hapa."

"Nimezifuta."

"Na ile ya mayu?" (Mama tulimwita hivyo, mayu, kwa Kisukuma.)

"Nayo."

"Umefuta lini?"

"Jana. Stendi."

"Yaani ndiyo uliyofuta ili unipige mimi picha?"

Nilitamani anipige kofi. Shangazi yetu ndiye aliyesema, na alisema mbele ya watu wote: "Ng'ombe umemtunza, mama yako umemfuta." Mchungaji akafungua mapazia, akaomba tuimbe, na tukaimba, lakini nani alikuwa anaimba?

Simu nikaipeleka kwa fundi mjini ajaribu kuzirudisha, akakaa nayo siku tatu, akanirudishia bila kunitazama.

Asubuhi aliyoondoka, Kabula aliniomba nimwambie mama alisema nini. Nikamwambia, neno kwa neno, nayakumbuka yote. Akasikiliza, kisha akauliza, "Alicheka vipi?" Nikajaribu, ndugu zangu. Nikajaribu kucheka kama mama, mimi mwanaume mzima na sauti yangu hii, nikaishia kukohoa. Akaniambia, "Basi, acha," akapanda basi. Simu zangu anapokea, tunasalimiana, anaulizia hali ya baba, kisha anasema ana kazi.

Watu wananifariji kwamba kosa ni la programu. Si kweli. Programu ilinionyesha ilichoruhusiwa kuona, na mimi ndiye niliyeiruhusu. Lakini video ile ilikaa kwangu zaidi ya mwaka, na kuituma ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Nimejiapiza: sifuti kitu mpaka mwenyewe akifungue aniambie amekiona, na mtu akinipa salamu za mtu, nazifikisha siku hiyo hiyo.