Mto wa Manyoya wa Madamu Zdenka

Harufu ya manyoya yaliyomwagiwa maji ya moto hunirudisha mbali. Jumamosi nilinunua bata hai hapa ugenini, Rosettenville, nikamchinja, nikamchovya kwenye beseni, na mjukuu wangu Gloria akaziba pua: "Eish, Kambo, si ungenunua wa dukani tu!" Kwetu Katanga bibi ndiye Kambo. Nilicheka, mikono ikaendelea kunyonyoa, lakini mwenyewe nilishafika Likasi, mji wetu wa migodi kule Katanga, mezani kwa Madamu Zdenka.

Alikuwa Mcheki, mke wa Bwana Karel, fundi wa mashine kwenye karakana ya mgodi. Mama yangu, Mama Numbi, alimfulia nguo. Msimu wa baridi Madamu alituita mimi na rafiki yangu Ngalula, binti wa Mama Mbuyi, watu waliotoka jimbo la Kasai, tumchambulie manyoya ya bata. Unavuta yale laini ya pembeni, ule mti wa katikati unautupa. Kwao Madamu, wanawake walifanya hivyo baridi nzima huku wakisimuliana. Madirisha yalifungwa yote, na kucheka marufuku, maana pumzi moja tu, kazi yako yote iko darini. Na sisi kwa kucheka, jamani! Mto wa kulalia ungetoka mmoja tu, wa yule atakayechambua vizuri. Niliutaka mto ule kuliko kitu chochote.

Masimulizi ya Madamu hayakuwa ya sungura na fisi. Alisimulia jinsi ukoo wake ulivyogombana miaka na miaka, taifa lao liungane na nani. "Sisi watu wachache," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Huku Mjerumani, huku Mrusi." Babu yake alitaka wabaki kwa kaisari wa Vienna, ila kila taifa lipewe chumba chake katika nyumba ile. Kaisari hakusikia, mwisho akaanguka. Baba yake akashangilia walipoungana na Waslovaki, akatamani na majirani wote wa mto Danube waingie. Wakati wa vita kaka yake akaota nchi moja na Wapolandi. Kumbe Mrusi akaja kuwaunganisha yeye, kwa nguvu, wala hakuna aliyeulizwa.

Ngalula mdomo wake haukuwa na mlango. "Sasa Madamu, kama munapenda kuungana hivyo, mbona muko huku na siye?"

Madamu akacheka yeye mwenyewe, manyoya yakaturukia mpaka kwenye nywele.

Haikupita muda, mwaka wa 1960, Katanga ikajitenga na nchi nzima, na watu wa Kasai wakaambiwa warudi kwao. Ngalula alizaliwa Likasi, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kila asubuhi nilichungulia uani kwao kuona kama bado wapo, mpaka asubuhi moja nikakuta lori.

Madamu akaja mbio na mto, upande mmoja haujashonwa, manyoya yanamwagika njiani. Mama Mbuyi akamtazama. "Madamu, tumeacha masufuria, tubebe manyoya?"

"Beba," alisema Madamu. "Mimi nilitoka kwetu sina hata pa kulaza kichwa."

Ngalula akaukumbatia, akanichokoza toka juu ya lori: "Kapya! Si nilikuambia ni wangu?" Lori likaondoka. Sikumwona tena. Na mimi, mtoto yule, nilinuna siku nyingi, eti kwa ajili ya mto!

Mwaka huu wa 2019, vijana walipopita hapa Rosettenville wakipiga kelele wageni tuondoke, nilikaa kitandani, jina la Ngalula likanijia mdomoni. Nilidhani Madamu alitusimulia mambo ya ramani na wafalme, mambo ya waliosoma. Leo ndipo namwelewa. Watu wake wote wale, babu, baba na kaka, walikuwa wakitafuta kitu kidogo tu: kuchagua wenyewe watakaa na nani, asije mtu mwingine kuwaondolea jirani yao asubuhi, bila kuwauliza.